Uvimbe usiokandwa: kisa cha mama mkubwa wa Newala

Mjomba alinipigia simu Februari 2024, baada ya magharibi, nikiwa nafunga dirisha la dawa kazini kwangu Mtwara mjini. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka, kisha akasema: "Mpwa wangu, dada yangu ana uvimbe kwenye ubongo. Hiyo operesheni inafanyika hapo Mtwara au ni mpaka Muhimbili? Nina shamba la mikorosho, nataka kuliuza."

Wakati huo hakuna daktari aliyekuwa amemwona mama mkubwa kwa tatizo hili. Hakuna picha ya kichwa iliyopigwa. Neno lile lilitoka Dar es Salaam kwa kaka yetu, mtoto wa kiume wa mama mkubwa. Alisoma kwenye simu kwamba ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, unaanza na "uvimbe wa ubongo", akarekodi sauti na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Alichosoma hakikuwa uongo mtupu. Tatizo ni kwamba uvimbe kwa Kiswahili chetu ni neno lenye mizigo miwili. Kuna uvimbe wa donge, kitu kinachoota na kukua. Kuna pia uvimbe wa mwili kuwaka na kujaa pale ulipoumia au ulipoingiwa na vijidudu. Mjomba alisikia ule wa kwanza akawaza kisu. Mama mdogo alisikia wa pili, akachemsha maji ya chumvi, akamkanda dada yake kichwa siku tatu mfululizo. Dada yangu, binti wa mama mkubwa anayekaa naye, alikwenda duka la dawa kuomba dawa ya kushusha uvimbe.

Wote walifanya kile anachofanya mtu anayempenda mgonjwa wake. Wiki tano baadaye tulikuwa wodini.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, bila majina. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye dawa na kwenye kile kinachotokea ndani ya ubongo, maana huko ndiko tulikopotea. Ule uvimbe wa pili, wa kuwaka, kuanzia hapa nitauita mchochota, ili usichanganywe na donge.

Alivyokuwa

Mama mkubwa ana miaka 68. Shule aliishia darasa la nne, lakini kijijini kwao ndiye aliyekuwa akiitwa korosho zikibishaniwa. Alikuwa akizichota kwenye kiganja, anazichezesha kidogo, anakwambia hizi ni daraja la kwanza, zile hazijakauka, usizipeleke AMCOS, chama chetu cha ushirika, utarudishwa nazo. Nani alikopa mifuko mingapi ya salfa, nani alilipa, nani anadaiwa na nani: yote aliyaweka kichwani, na sijawahi kusikia amekosea.

Msimu wa 2022 alianza kuuliza jambo moja mara mbili. "Pesa za mnada wa kwanza zimeingia?" Anajibiwa zimeingia mama, tumenunua bati. Baada ya saa moja anauliza tena, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Tukasema uzee. Mimi mwenyewe nilisema uzee, mtu niliyesomea afya, na nalijutia neno hilo mpaka leo.

Msimu wa 2023 mambo yaligeuka. Alikosea namba ya siri kwa wakala mara tatu mpaka laini ikafungwa, akaamini wakala kamwibia. Aliinjika ming'oko, vile viazi vya porini, jikoni akaenda shambani, sufuria likaungua. Aliweka stakabadhi yake chini ya mkeka, akamlaumu binti yake kwamba kaificha. Lakini ukikaa naye jioni anakutajia wasichana wote waliochezwa unyago pamoja naye, nani aliolewa Tandahimba, nani alivuka Ruvuma, bila kukwama. Hilo ndilo lililotudanganya. Tulidhani mtu anayekumbuka mambo ya miaka hamsini iliyopita hawezi kuwa na ugonjwa wa kumbukumbu.

Kumbe ndivyo ugonjwa huu unavyoanza kwa wengi. Sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, inayopokea jambo jipya na kulipeleka ghalani, ni miongoni mwa zinazoshambuliwa mapema. Mambo yaliyohifadhiwa zamani yana njia zake nyingine na hubaki muda mrefu. Uzee wa kawaida humfanya mtu achelewe kukumbuka, na ukimdokezea anasema "ah, kweli". Mama mkubwa ukimdokezea alikutazama tu. Jambo lenyewe halikuwa limeingia.

Wiki tano za diklofenaki

Dada alipewa diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni. Hakuulizwa mgonjwa ana umri gani wala anatumia dawa gani nyingine. Mama mkubwa alikuwa anatumia dawa mbili za presha kwa miaka kadhaa, losatani na nyingine ya kukojoza. Dirishani ningeona mchanganyiko ule ningesimamisha kila kitu, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu nyumba nyingi za Kusini zina mzee wa presha na pakiti ya diklofenaki kwenye kabati moja.

Dawa za jamii hii, zikiwemo ibuprofeni na naprokseni, zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu na mchochota, ndiyo, lakini hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo usiunguzwe na asidi yake, na ndizo zinazoachia damu iingie vizuri kwenye figo. Dawa ya kukojoza inapunguza maji mwilini. Losatani inapunguza msukumo ndani ya figo. Ukiongeza diklofenaki juu yake, figo inabanwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Presha nayo hupanda, kwa sababu chumvi na maji vinabaki mwilini.

Wiki ya tatu miguu yake ilivimba. Wiki ya nne alilalamika tumbo, dada akampa dawa akiwa hajala, kwa kuwa mama alikataa chakula. Wiki ya tano choo kikawa cheusi kama lami, maana yake tumbo linavuja damu. Hakusema. Mtu anayesahau hawezi kukupa historia ya choo chake, ni lazima mtu mwingine aangalie. Hilo sikumfundisha dada yangu, na ilikuwa kazi yangu kumfundisha.

Usiku mmoja wa masika, kama saa kumi alfajiri, jirani alimkuta uani kwake amelowa, kanga imemshika mwilini, anagonga mlango wa banda la kuku akimwita marehemu mama yake. Kufikia asubuhi maneno ya uchawi yalishaanza: bibi kizee, usiku, nyumba ya watu. Wasomaji wa huku mnajua maneno ya namna hiyo yanaweza kuishia wapi. Mwenyekiti wa kitongoji alimshika mkono mbele ya watu akatembea naye hadi nyumbani, akasema kwa sauti kwamba huyu ni mgonjwa na atakayesema lingine aje kwake. Nitamshukuru mtu huyo maisha yangu yote.

Hospitali

Alipofika hospitali alikuwa hamtambui binti yake. Presha ilikuwa 178 juu na 100 chini, damu imepungua, kipimo cha figo kimepanda. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo ulikuwa na maambukizi.

Daktari, kijana mtulivu, aliuliza swali moja ambalo nadhani ndilo lililotuokoa: "Huku kutomtambua binti yake kumeanza lini?" Dada akajibu juzi. "Na kusahau?" Miaka miwili. Akasema basi hapa tuna mambo mawili, msiyafanye moja. La siku mbili ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, nalo linatokana na ugonjwa wa mwili: maambukizi ya mkojo, damu kupungua, figo. Hilo linatibika na tunaanza leo. La miaka miwili tutaliangalia huyu mama akishatulia, kwa sababu ukimpima mtu kumbukumbu akiwa katika hali hii utaandika uongo.

Diklofenaki ilikatwa palepale. Alipewa antibayotiki, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, maji kwa kipimo, na damu. Siku ya nne alimwita dada kwa jina.

Ndipo uchunguzi wa pili ukaanza. VVU, hana. Kaswende, hana. Tezi ya thairoidi sawa, vitamini B12 sawa, sukari sawa. Vipimo hivi si mapambo, kila kimoja kinatafuta ugonjwa unaoweza kuiga usahaulifu na wenye tiba. Aliulizwa pia kuhusu huzuni na usingizi, kwa kuwa sonona kwa wazee huweza kujificha kwenye vazi la usahaulifu. Siti skani ya kichwa haikuonyesha donge, wala damu iliyoganda chini ya fuvu, wala kiharusi. Ilionyesha ubongo uliosinyaa kidogo.

Mjomba aliuliza, "Kwa hiyo uvimbe haupo?"

"Huo unaouogopa haupo, mzee."

Mjomba akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa yanauliza: sasa kaka yenu alisoma nini?

Kinachowaka ni nini

Nilimweleza siku tuliyorudi Newala, tumekaa chini ya mkorosho, na nilianzia kwenye mkorosho wenyewe.

Ubongo una seli zake za ulinzi na usafi, zinaitwa mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezitofautisha na kuzipa jina mwaka 1919. Katika kila seli kumi za ubongo, karibu moja ni hizi. Zina vimikono vyembamba vinavyopapasa huku na huku bila kupumzika. Zikikuta taka zinakula, zikikuta kijidudu zinapigana. Na zina kazi ya tatu ambayo mkulima wa korosho haihitaji tafsiri: zinapogolea. Utotoni ubongo hutengeneza viungio vingi mno kati ya neva na neva. Vile visivyotumika hubandikwa protini za kundi linaloitwa komplementi, kama alama ya rangi kwenye tawi, kisha mikroglia hupita na kuviondoa. Ubongo unabaki na matawi yanayozaa.

Mjomba akasema, "Na anayepogoa akikosea?"

Hapo ndipo penyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba kwa panya waliowekewa jeni za Alzheimer, upogoleaji ule wa utotoni unaamshwa tena katika ubongo uliokomaa, mapema, kabla mabaka ya protini iitwayo amiloidi hayajatanda. Alama za komplementi zinabandikwa kwenye viungio ambavyo bado vinafanya kazi, na mikroglia zinavila. Watafiti walipozuia alama hizo, viungio vilisalia. Panya si binadamu, na dawa nyingi zilizoponya panya zimeshindwa kwa watu. Hata hivyo picha hii inaeleza jambo tuliloliona nyumbani: kumbukumbu ilianza kupotea wakati mama mkubwa bado anapika, analima na kusimulia. Viungio hupungua kabla mti haujaanguka.

Amiloidi ni protini inayorundikana nje ya neva. Huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kuuliza swali moja mara mbili. Ukihesabu kurudi nyuma, ya mama mkubwa huenda ilianza akiwa bado na miaka hamsini, akibeba magunia. Mikroglia huisogelea na kuizunguka, zinaijengea ua. Katika hatua hii zinafanya kazi njema, na ushahidi mzuri ulikuja mwaka 2013. Makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba watu waliozaliwa na badiliko moja adimu kwenye jeni ya TREM2, jeni ambayo mikroglia huitumia kuhisi uchafu na kuukabili, wana hatari ya Alzheimer iliyokaribia mara tatu ya wengine. Badiliko hilo linadhoofisha mikroglia. Walinzi wakiwa dhaifu, ugonjwa unashika zaidi. Kwa hiyo anayesema "zima mchochota wote" anasema kitu cha hatari.

Shida ni kwamba taka haziishi. Mikroglia zinabaki zimechachamaa miaka na miaka, zinamwaga kemikali za kuitana, kama intaliyukini-1, na kemikali hizo zinaumiza neva za jirani. Ndani ya neva, protini nyingine, tau, inajisokota na kusambaa kutoka eneo hadi eneo. Mwaka 2021 watafiti waliotumia picha za kuonyesha mikroglia na tau kwa watu walio hai waliona viwili hivi vikisafiri pamoja ubongoni. Na mwaka 2017 watafiti wa London, wakipima watu wachache kwa miaka kadhaa, walipendekeza kwamba mchochota una vilele viwili: kimoja mapema, wakati mtu ana usahaulifu mdogo tu, kinachoweza kuwa cha kujilinda, na kingine baadaye, kinachobomoa.

Nikiulizwa msimamo wangu, naona mchochota si moto uliowasha nyumba, lakini si moshi tu pia. Ni kazi ya ulinzi iliyoanza vizuri, ikakosa mwisho. Alois Alzheimer mwenyewe, alipoeleza ubongo wa Auguste Deter huko Tübingen mwaka 1906, aliona mabaka na nyuzi zilizosokotana, na aliona pia kwamba seli za pembeni ya neva hazikuwa za kawaida. Kwa miongo mingi watu walishughulika na yale mawili ya kwanza. La tatu limerudi mezani kwa kishindo katika kizazi chetu.

Na niseme wazi: hakuna aliyeuona mchochota ndani ya kichwa cha mama mkubwa. Siti skani haiuonyeshi. Picha zinazouonyesha ni za utafiti, zinahitaji dawa yenye mionzi na mashine za gharama kubwa. Daktari aliandika "inaelekea ni Alzheimer, hatua ya mwanzo", na naliheshimu neno "inaelekea".

Salfa na wakati wake

Kaka yetu wa Dar hakuridhika. Alinitumia habari ya utafiti wa Rotterdam wa mwaka 2001, uliofuatilia karibu watu 7,000 wa miaka 55 na zaidi. Waliotumia dawa za kupunguza mchochota kwa zaidi ya miaka miwili walipata Alzheimer kwa uchache mno kuliko wasiozitumia. "Sasa dada kakosea nini?" aliuliza. Swali lake lilikuwa la haki.

Utafiti ule uliangalia watu waliokuwa wakizitumia kwa sababu zao nyingine, wakiwa bado wazima. Ndipo Marekani wakafanya jaribio la kweli, ADAPT, kwa wazee zaidi ya 2,500 wenye miaka 70 na kuendelea ambao walikuwa na ndugu mwenye ugonjwa. Wengine walipewa naprokseni, wengine selekoksibu, wengine kidonge kisicho na dawa. Dawa zilisimamishwa mwishoni mwa 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo, na faida ya kuzuia ugonjwa haikuonekana. Kwa waliokwishaugua, jaribio la naprokseni na rofekoksibu lililochapishwa mwaka 2003 halikupunguza mwendo wa ugonjwa hata kidogo.

Mjomba alilielewa hili kwa salfa. Sisi wa huku tunajua ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa inapulizwa mkorosho unapochipua na kutoa maua, tena kwa ratiba. Ukishaona maua yameungua meusi, unaweza kumwaga mfuko mzima juu ya mti ule, utapoteza pesa na kuwasha macho yako, maua hayarudi. Sijui kama mfano huu unakaa sawasawa kwenye kila kipengele cha ubongo, na nilimwambia hivyo. Lakini ulimtosha kumwambia mpwawe wa Dar kwenye kundi la ukoo, kwa sauti ya sekunde ishirini: "Dawa za uvimbe zisimguse tena mama yako."

Kaka aliuliza pia kuhusu lekanemabu, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023. Ni dripu ya kila wiki mbili inayoondoa amiloidi. Kwenye jaribio la watu 1,795 kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa 27%. Hairudishi kilichopotea. Inahitaji kuthibitisha kwanza kwamba amiloidi ipo, kisha picha za MRI mara kwa mara, kwa sababu karibu mtu 1 kati ya 8 waliopewa walionekana na uvimbe ubongoni, safari hii uvimbe wa kweli, maji yanayovuja, na wengine damu. Kwa mtu anayeishi Newala na tumbo lililotoka kuvuja damu, nilimshauri asiiwaze. Jeni ya APOE nayo aliitaja, nikamjibu kwa ufupi kwamba aina yake inayoitwa e4, inayoongeza hatari sana kwa Wazungu, imeonekana kuwa na uzito mdogo zaidi kwa watu wa asili ya Afrika, na kuipima kusingebadilisha chochote katika malezi ya mama yake.

Tulichoweza kukishika

Wiki sita baada ya kutoka hospitali mama mkubwa alipimwa kumbukumbu na akili kwa kipimo kinachoitwa IDEA. Nakipenda kipimo hiki, kwa kuwa kilijengwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro, na kujaribiwa pia Nigeria, na hakimdai mtu kujua kusoma wala kuchora saa. Unataja wanyama kwa dakika moja, unamtaja kiongozi wa kijiji, unapanga njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa, unakumbuka maneno kumi baada ya muda. Huko Hai ndiko pia utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba 6.4% ya watu wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni maradhi ya Ulaya. Njiti alizipanga bila kosa. Mwenyekiti alimtaja, na akaongeza jina la baba yake. Katika maneno kumi alikumbuka mawili. Jumla alipata 8 kati ya 15. Alama 7 kushuka chini huashiria ugonjwa kwa uzito, 8 na 9 ni eneo la mashaka.

Jambo lililoniuma ni kwamba hakurudi pale alipokuwa Januari. Kabla ya wodi alikuwa anajua siku ya gulio. Baada ya wodi haijui. Mwaka 2009 watafiti wa Southampton walifuatilia wagonjwa 300 wa Alzheimer kwa miezi sita wakakuta kwamba waliopata maambukizi au majeraha ya ghafla ya mwili walidhoofika akili kwa kasi mara mbili ya wengine. Maelezo yanayokubalika ni haya: mikroglia zilizokwishachachamaa zinasikia vurugu za mwilini, kemikali za homa zinafika ubongoni kwa njia ya damu na neva, na walinzi waliokuwa wamekaa na rungu mkononi wanasimama. Homa ya mkojo kwa kijana ni siku tatu za dawa. Kwa mama mkubwa ilikuwa ngazi moja chini, na ngazi hiyo hakuipanda tena.

Hapo ndipo nilipoona maarifa haya ya mchochota yanamfaa mtu wa Newala leo, bila mashine na bila dripu. Hatuwezi kuzishika mikroglia zake. Tunaweza kuzipunguzia sababu za kusimama. Dada ana daftari la shule la kurasa 64. Kila siku anaandika maji mama aliyokunywa, kwa vikombe. Anaandika rangi ya mkojo na ya choo. Presha inapimwa zahanati kila wiki mbili, na kwa losatani peke yake sasa inakaa vizuri. Jino lililooza, ambalo hakuna aliyelijali miaka miwili, liling'olewa. Sikio la kulia lilikuwa limeziba nta, likasafishwa, na nusu ya maswali aliyokuwa anarudia yakapungua kwa sababu sasa anasikia jibu. Maumivu yakija ni parasetamoli, na pakiti ya diklofenaki haiingii tena nyumba ile. Asubuhi anatembea hadi shambani na mjukuu, jioni anakaa na wenzake kuchambua korosho za kula, na wamekubali kumpa kazi ile aliyoijua mikono yake.

Kazi ya dada haionekani popote kwenye maandishi ya kisayansi. Usiku analala mlangoni. Nimemwomba kaka wa Dar, aliyekuwa tayari kununua dripu ya mamilioni, atume pesa ya msichana wa kusaidia ili dada alale usiku mbili kwa wiki. Ametuma, na anaendelea kutuma.

Novemba 2025, katikati ya minada, mjomba alinipigia tena. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka kama siku ile.

"Mama yako mkubwa kaamka ananiita kwa jina la baba yetu. Jana alikuwa hajanichanganya. Tumeshamtoa zahanati, malaria hana, mkojo umechafuka, kameza dozi ya kwanza saa tatu. Dada yako anasema vikombe vya maji juzi vilikuwa viwili tu."

Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine yoyote aliyopewa.

"Hakuna," akasema. "Na hatujamkanda."